Zoezi la Kushika Pumzi

Syprose alipotelewa na akili barabarani, mahali pabaya kabisa pa kupotelewa na kitu chochote. Ilikuwa Busia, siku ya soko, kati ya geti la Uganda na geti la Kenya. Kichwani alikuwa na beseni la karanga za kusaga, na ghafla hakujua kama anakwenda au anarudi. Malori yalipiga honi. Mwendesha bodaboda mmoja alimtukana kwa lugha tatu, na zote tatu alizielewa. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, akabaki amesimama palepale mpaka muuza mitumba mmoja mwenye huruma alipomshika kiwiko na kumvusha upande wa Kenya. Kumbe alikuwa ametoka huko, yuko njiani kurudi kwa mumewe, kijijini Petta, upande wa Uganda.

Tusizungushe maneno. Kilichokuwa kikimla Syprose kilijulikana na kijiji kizima, ila hakuna aliyeruhusiwa kukitaja. Mtoto wake wa kwanza, Ochwo, alikwenda kubeba makreti ya samaki katika kisiwa kimoja cha ziwani, na siku moja ya upepo mashua waliyopanda ikapinduka. Wenzake waliokotwa mmoja mmoja, wakarudishwa makwao, wakazikwa. Yeye hakuonekana. Baba yake, Oboth, aliacha kazi yake ya uashi akazunguka ufuko wote kuanzia Majanji mpaka Sio Port, akiuliza kila banda la samaki, akarudi miguu imemvimba. Alipofika nyumbani alikuta watu wameanza kukusanyika uani, kina mama wameshika viuno, wanangoja neno lake tu waanze. Akasimama mlangoni akawafukuza.

"Hapa hakuna mtu atalia," alisema. "Kijana hajaonekana. Wewe ukilia mtu na bado hajaonekana, ni wewe unamuua. Mwende kwenu."

Wakaenda. Utafanyaje na mtu amesimama kwenye mlango wake mwenyewe? Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na katika nyumba hiyo hakuna machozi yaliyotoka hadharani. Oboth alimtaja mwanawe kama mtu aliyechelewa sokoni. Ochwo akirudi atapanda juu atengeneze bati hili. Ochwo akirudi tutauza ile ng'ombe. Syprose alijibu ndiyo, akapakua chakula. Kuna siku alimchukia mumewe kwa hilo, akamchukia kweli, na kuna siku alishikilia maneno yake kwa mikono miwili kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

Oboth ni mtu wa Petta. Syprose ni Msamia wa upande wa Kenya. Walikutana Busia, na Kiswahili cha soko ndicho kilichowaozesha. Mpaka leo, ingawa Syprose anaongea Kidhopadhola, lugha ya Petta, kuwapita baadhi ya wenyeji, wawili hao wakiwa peke yao hugombana na kupatana kwa Kiswahili. Juu ya jambo hili moja hawakugombana wala hawakupatana. Walinyamaza, kila mmoja upande wake wa kitanda.

Baada ya balaa la Busia, Syprose alikwenda kituo cha afya. Nesi Babra, binti mwembamba asiyependa kupoteza muda, alimpima kila kinachopimika.

"Mama, malaria hakuna. Presha iko sawa. Ni kichwa ndio imechoka," alisema. "Iko kitu nyumbani inakusumbua?"

"Hakuna, musawo."

"Watoto wote wako sawa?"

"Wako sawa," Syprose akasema, na uongo huo ulimtoka laini kabisa, kwa vile alikuwa na mazoezi nao.

Babra alimtazama kidogo, akaandika jina lake katika kundi la siku ya Jumatano. Alikuwa amerudi kutoka kwenye mafunzo ya kutuliza akili, na kwa kuwa kituo hakikuwa na dawa nyingi, alifundisha kile alichokuwa nacho: namna ya kukaa. Watu walicheka mwanzoni. Nani asiyejua kukaa? Lakini ilikuja kuonekana kwamba hawakujua. Mama mmoja wa kwaya aligeuza kila zoezi kuwa sala na kuliombea kundi zima kwa sauti. Mzee Maloba, dereva wa malori wa zamani ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka hata bila usukani, alifumba macho tu na kukoroma, kisha akaamka na kutangaza kwamba dawa hii ni kiboko.

Zoezi lenyewe halikuwa na uganga. Unakaa. Unafumba macho. Unasikia nyayo zako, unasikia magoti, unapanda hivyo mpaka utosini, kila kiungo unakisalimu na kukiacha. Halafu pumzi: unavuta kwa pua, unaishika, unaiachia polepole kwa mdomo. Wazo likija hulifukuzi na hulikaribishi chai. Unaliona, linapita, unarudi kwenye pumzi yako.

Syprose alilipenda kuliko alivyotarajia. Nyumbani alitandika mkeka nyuma ya jiko asubuhi, Oboth akishaondoka kwenda kazini, akafanya kama alivyofundishwa. Mawazo yalikuja, naam. Bei ya karanga. Karo ya Bridgit, binti yake aliyekuwa shule ya bweni. Mbuzi wa jirani. Aliyatazama yakapita. Usingizi ulianza kurudi, na pale mpakani sasa aliweza kusimama, akavuta hewa yenye moshi wa malori, akajua yuko wapi na anakwenda wapi.

Lakini kulikuwa na sehemu moja aliyoiruka. Alivuta na kuachia, alivuta na kuachia. Kushika hakushika. Mtu akishika pumzi anaanza kuhesabu, atake asitake, na Syprose kila alipojaribu alijikuta akijiuliza mwanawe aliishika kwa muda gani. Ochwo hakujua kuogelea. Nani angemfundisha? Petta hakuna ziwa.

Babra aliliona hilo, maana yeye hakufumba macho wengine wakifumba.

"Mama Ochwo, wewe hapana shika. Unaruka."

"Inanishinda, musawo."

"Sawa. Sitakulazimisha. Siku utaweza, utashika." Akafikiri kidogo. "Lakini hapo unaruka, mimi nafikiri hapo ndio kazi yako iko."

Akamwambia na mengine. Aache mkeka, akae juu ya udongo wenyewe ili mwili ujue umebebwa. Avue kila kinachobana: kilemba, viatu, mkanda. Anyooshe miguu. Na mtu akipita akimsalimu asijibu. Salamu itangoja, mtu hafi kwa kukosa kujibiwa.

Hapo ndipo Babra alipokosea, na hatuwezi kumlaumu sana. Mafunzo yake yaliandikwa na watu ambao hawajawahi kulima shamba la wimbi Petta.

Ilikuwa Machi, mvua za kwanza zimeshalowesha ardhi, na kijiji kizima kilikuwa shambani. Oboth alikuwa ameondoka mapema kwenda Tororo mjini, ambako alikuwa akijenga ukuta wa mtu. Nyuma ya jiko kumejaa tope. Syprose akaangalia huku na huku, akaona hapana mahali pakavu isipokuwa mbele ya nyumba, chini ya ukingo wa bati, pale panapotazamana na njia. Akavua kilemba. Akavua viatu. Akaketi juu ya udongo, akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani na kufumba macho.

Mtu yeyote aliyezaliwa pande hizi ameshaona kosa. Mwanamke mzima, kichwa wazi, peku, ameketi chini mbele ya mlango wake miguu imenyooka, wakati wenzake wote wanalima. Petta picha hiyo ina maana moja: nyumba imeingiliwa na msiba. Na Syprose hakuwa mgeni wa mambo haya. Alikuwa ameketi hivyohivyo kwenye matanga ya watu wengi kuliko tunavyoweza kuwataja hapa. Lakini akili yake asubuhi hiyo ilikuwa imeshughulika na nyayo zake, ikapanda magotini, ikapanda tumboni, ikafika kifuani.

Akavuta pumzi. Akaishika.

Hakujua kwa nini siku hiyo. Pengine ni udongo, ulikuwa na ubaridi mzuri. Alishika, na wazo likaja lilelile la siku zote, na safari hii hakuruka. Alimwona mwanawe ndani ya maji, mashati mawili juu ya mwili kwa sababu kisiwani kuna baridi, na alikaa naye pale mpaka kifua kikamuuma. Kisha akaachia. Machozi yakatoka bila sauti, yakashuka mpaka shingoni, naye akayaacha, kwa kuwa alifundishwa kuacha. Akavuta tena. Akashika tena.

Athieno, jirani yake, akapita na jembe begani.

"Mama Ochwo, umeamkaje?"

Kimya.

"Mama Ochwo, habari ya asubuhi?"

Kimya tena, na Petta mtu hanyimwi salamu isipokuwa na mlevi au na mfiwa. Athieno alimjua Syprose hanywi. Akasogea, akaona kichwa wazi, akaona nyayo, akaona machozi yanayoshuka kwenye uso uliofumba macho. Akaweka jembe chini.

Hili lazima lielezwe kwa asiyejua. Mtu akifa kijijini, hakuna anayelima. Habari ikikufikia unaweka jembe palepale, hata ukiwa umebakiza mstari mmoja, na halinyanyuliwi mpaka maziko. Mwenye kuonekana analima ataitwa na ukoo ajieleze, na hakuna maelezo yanayotosha. Kwa hiyo jembe la Athieno kulala kando ya njia, msimu wa kupanda, mvua imeshanyesha, halikuwa jambo dogo.

Athieno aliweka mikono kichwani. Hakuuliza nani. Wala haikumpitia akilini kuuliza. Alipiga ukemi mmoja mrefu uliosikika mpaka bondeni, kisha akalia kwa jina.

"Ochwo wee! Ochwo mtoto wetu!"

Syprose akafumbua macho. Kwa miaka hiyo yote hakuwahi kusikia jina hilo likililiwa, na sasa lilikuwa linaruka hewani mbele ya nyumba yake mwenyewe, kwa sauti ya mwanamke aliyemsaidia kumzaa mtoto huyo. Alikusudia kusema, Athieno nyamaza, mimi ninapumua tu. Kinywa kilifunguka. Kilichotoka ni kilio, kikubwa, kibaya, cha kutoka tumboni, na kilipoanza hakukuwa na wa kukizuia.

Watu wakaja. Walikuja na tope miguuni, wametupa majembe kila mtu kwenye mstari wake, na wote walikuja na jina lilelile mdomoni. Hakuna aliyeuliza njiani kwamba ni nani. Walikuwa na kilio hicho tayari, kilikuwa kimewakalia tangu siku walipofukuzwa uani. Mwanamke mmoja alilia huku akisema Ochwo ndiye aliyemchimbia choo na akakataa malipo. Mwingine alilia kwamba kijana alimwahidi kucheza katika harusi yake na deni hilo hakulilipa. Mtu akapiga simu Tororo: mwambieni Oboth nyumbani kwake kuna kilio.

Mzee Erastus, mkubwa wa ukoo, aliingia wa mwisho akiwa na mabuti ya mpira, kwa sababu magoti yake yalikuwa hayamruhusu haraka. Alingoja sauti zipungue, kisha akauliza kama inavyopasa.

"Mama Ochwo. Habari imefika lini, na nani ameileta?"

Syprose alijifuta uso kwa ncha ya gauni. Kudanganya sasa kungekuwa aibu.

"Hakuna aliyeleta habari, mzee. Nilikuwa nafanya zoezi la hospitali."

"Zoezi gani?"

"La kupumua."

Kijiji kizima, Machi, udongo umelowa, kimelaza majembe chini kwa sababu ya mwanamke anayepumua. Mtu mmoja nyuma aliguna. Mama mmoja alianza kucheka na machozi bado mashavuni, mwenzake akaambukizwa, na Athieno, ambaye ndiye aliyeanzisha yote, akafunika uso kwa kanga kwa haya. Erastus hakucheka.

"Kwa hiyo habari mpya hakuna," alisema.

"Hakuna."

"Na ile ya zamani?"

Kicheko kikakatika. Syprose aliangalia mikono yake. Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, na jibu lake lilikuwa na mwenyewe, Oboth, aliyesimama mlangoni siku ile akasema hakuna atakayelia. Kumjibu Erastus kulikuwa kumvunjia mumewe neno mbele ya ukoo wake. Kutojibu kulikuwa kurudi nyuma ya jiko, kwenye mkeka, kuvuta na kuachia mpaka azeeke.

Bodaboda ikaingia kwa kasi kabla hajafungua mdomo. Oboth alishuka haijasimama vizuri, simenti imemkaukia mikononi mpaka viwiko. Aliwapita watu bila kusalimu, macho yanatafuta, na yalipomkuta Syprose ameketi chini, mzima, yuko hai, alishika nguzo ya nyumba.

"Walisema kilio nyumbani kwako," alisema. "Hawakusema nani. Mimi najua ni wewe. Njia yote mimi najua ni wewe."

"Si mimi, Baba Ochwo."

"Basi nani amekufa?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Erastus mwenyewe aligeuza uso upande, kumpa nafasi. Angesema ni zoezi tu, watu walikosea, na Oboth angecheka kwa kuishiwa na hofu, na majembe yangenyanyuliwa, na kesho Ochwo angekuwa amechelewa sokoni tena. Syprose alimtazama mumewe, jinsi alivyong'ang'ania ile nguzo, akamhurumia kuliko alivyojihurumia mwenyewe.

"Ochwo," akasema. "Mtoto wetu alikufa, Baba Ochwo. Alikufa siku ileile mashua ilipopinduka. Mimi siwezi tena kusema ndiyo."

Watu walirudi nyuma kidogo, kila mmoja akijiandaa kufukuzwa. Syprose naye alijiandaa. Alikuwa ameshaamua kwamba wakifukuzwa atatoka nao, kichwa wazi hivyohivyo, akalilie kwa Athieno.

Oboth hakufukuza mtu. Alisimama, anabanduabandua simenti kutoka kwenye vidole vyake, kipande kimoja, halafu kingine. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka watoto wadogo wakaanza kuchoka na kuvuta kanga za mama zao.

Erastus akakohoa. Alikuwa mtu wa kazi, na aliona kazi imefika.

"Mama Ochwo, kwenu Samia nyinyi ni watu wa ziwa. Mtu akichukuliwa na maji asionekane, mnamfanyaje?"

"Tunakata mgomba, tunauzika mahali pake. Watu wanalia kama mwenyewe yuko ndani."

"Basi tutakata mgomba." Akamgeukia Oboth, akapunguza sauti. "Mwanangu, tuchimbe wapi?"

Hakuna aliyetegemea jibu. Lakini Oboth aliinua mkono, akaelekeza upande wa kulia wa nyumba, kati ya ukuta na migomba. Palikuwa na kipande cha ardhi kisichopandwa kitu. Kila msimu Oboth alilima akakizunguka, na kila msimu Syprose alimgombeza kwa uvivu, mahali pazuri hivyo panaota majani bure, na Oboth akamjibu kwamba udongo wa pale ni mbaya.

"Pale," alisema. "Mimi naacha pale tangu ile mwaka. Urefu yake nilipima kitambo."

Akaketi chini kando ya mkewe, na Syprose akaanza kulia upya, safari hii kwa ajili ya mumewe.